Yaliyopatikana Katika Barafu ya Ncha za Dunia Yanatuhusu Nini Nyamira?

Mwishoni mwa mwaka wa 2019, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Canterbury nchini New Zealand, Alex Aves, alichota theluji mpya katika sehemu 19 kwenye eneo la Kisiwa cha Ross, bara la Antaktika, kusini kabisa mwa dunia. Theluji hiyo ilipoyeyushwa na kuchunguzwa maabarani, hakuna hata sehemu moja iliyokosa plastiki. Kwa wastani, kila lita ya maji ya theluji ilikuwa na chembe 29. Aina iliyoonekana zaidi ni PET, plastiki ileile ya chupa za soda na maji zinazouzwa Keroka, Nyansiongo na Miruka. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2022.

Antaktika hakuna soko, shamba wala kijiji. Wanaoishi huko ni watafiti na wahudumu wao katika vituo vichache. Mkazi wa Nyamira ana haki ya kuuliza kwa nini jarida la kaunti yake limhangaishe na theluji ya mahali hapo. Jibu ni kwamba ncha za dunia ndizo zilizowafundisha wanasayansi jinsi plastiki inavyosafiri na mahali pa kuikamatia. Na mahali pa kuikamatia, kwa sehemu hii ya Kenya, ni huku kwetu juu mito inakoanzia.

Chembe zenyewe ni zipi

Plastiki haiozi kama ganda la ndizi. Inapigwa na jua, inakakamaa, inapasuka, kisha inakatika vipande ambavyo navyo hukatika zaidi. Gunia la mbolea lililofungwa kwenye ua wa ng'ombe linatosha kuwa mfano. Lina nguvu likiwa jipya, lakini likikaa juani kwa misimu kadhaa, ukilishika linabaki mkononi likiwa nyuzi na unga mweupe. Unga huo bado ni plastiki. Mvua ikinyesha unashuka mtaroni, na mtaro unashuka mtoni.

Kipande chochote chenye upana wa chini ya milimita 5, yaani kuanzia punje ya mtama kushuka chini, ndicho wanasayansi wanachokiita maikroplastiki. Neno hilo lilienea baada ya Richard Thompson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, kuchapisha uchunguzi wao mwaka wa 2004 kuhusu vipande vidogo walivyovikuta kwenye mchanga wa fuo na ndani ya maji ya bahari. Katika makala haya tutaviita chembe.

Si zote zinazotokana na takataka zilizotupwa. Nguo za poliesta na sweta za mitumba hutoa nyuzi kila zinapofuliwa, na ukifulia mtoni nyuzi hizo zinakwenda moja kwa moja na maji. Magurudumu ya magari na pikipiki huchakaa barabarani, na ule unga wake mweusi una mpira wa viwandani ndani yake. Mifuko myeusi ya kuoteshea miche ya chai na parachichi hupasuliwa siku ya kupanda na mara nyingi huachwa palepale shambani. Hata baadhi ya sabuni za kusugulia uso ziliwahi kutengenezwa kwa vipunje vya plastiki kwa makusudi. Marekani ilivipiga marufuku kwa sheria ya mwaka wa 2015, na Uingereza ikafuata mwaka wa 2018.

Jinsi hesabu inavyofanyika

Hapa ndipo kazi ya ncha za dunia ilipotoa funzo kubwa, na inafaa tukae hapo kidogo.

Mwaka wa 2014, watafiti wakiongozwa na Rachel Obbard wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walitangaza kwamba barafu ya Bahari ya Aktiki, kwenye ncha ya kaskazini, ilikuwa na chembe kati ya 38 na 234 katika kila mita moja ya ujazo. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, kiasi cha tangi la maji la kawaida la nyumbani. Miaka minne baadaye, Ilka Peeken na wenzake wa Taasisi ya Alfred Wegener ya Ujerumani, waliokusanya vipande vya barafu wakiwa kwenye meli iitwayo Polarstern, walitangaza kwamba mahali pengine walikuta hadi chembe 12,000 katika lita moja tu.

Anayesoma haraka atasema plastiki imefurika ndani ya miaka minne. Sivyo. Kilichobadilika zaidi ni jicho la kupimia. Kundi la pili lilitumia chombo kinachomulika chembe kwa miale isiyoonekana na kusoma jinsi kila aina ya plastiki inavyoipokea miale hiyo, hata chembe ikiwa na upana wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Zaidi ya nusu ya walizozihesabu zilikuwa ndogo kuliko sehemu moja ya ishirini ya milimita. Wapimaji wa awali wasingeweza kuziona. Kwa hiyo mtu akikuletea takwimu za plastiki kwenye maji, uliza kwanza alitumia chujio la matundu ya ukubwa gani. Bila jibu hilo, namba yake haiwezi kulinganishwa na namba ya mtu mwingine, na serikali haiwezi kuitumia kujua kama hali inaboreka au inaharibika.

Kazi yenyewe ya kupima ni ya subira. Maji huchujwa, uchafu wa mimea na wadudu huyeyushwa kwa dawa ambayo haigusi plastiki, kisha mabaki huwekwa kwenye maji ya chumvi nyingi ili mchanga uzame na plastiki nyingi ielee. Baada ya hapo kila chembe huangaliwa kwa hadubini na kwenye ile miale. Tatizo kubwa ni mpimaji mwenyewe. Uzi mmoja kutoka kwenye sweta yake ukidondokea sampuli, umeshaongeza hesabu. Ndiyo maana watafiti wa kazi hii huvaa pamba, hutumia vyombo vya kioo na chuma, na huweka pembeni chombo kitupu cha kunasa vumbi la chumba ili lipunguzwe kwenye jumla.

Kutokana na somo hilo, mwaka wa 2021 kitengo cha ufuatiliaji cha Baraza la Aktiki, lenye wanachama wa mataifa 8 ya kaskazini, kilitoa mwongozo mmoja wa jinsi ya kupima plastiki kwenye maji, mchanga, theluji, ndege na samaki. Nchi zilizotia saini Mkataba wa Antaktika nazo zilikubaliana mwaka wa 2019 kupunguza plastiki inayoingia kusini, zikiwemo zile sabuni zenye vipunje. Huo ndio mpangilio unaofaa: kipimo cha aina moja kwanza, kisha sheria inayoweza kukaguliwa.

Upepo na maji

Chembe zilifikaje kule? Baadhi zilibebwa na mikondo ya bahari, nyingine na upepo. Mwaka wa 2019, watafiti waliochunguza milima ya Pyrenees, mpakani mwa Ufaransa na Uhispania, walieleza kwamba kila siku zilikuwa zikidondoka kutoka angani wastani wa chembe 365 kwenye kila mita ya mraba, mahali pasipo na mji karibu. Walikadiria kwamba baadhi zilisafiri hewani kilomita 95.

Lakini turudi kwa matokeo ya Kisiwa cha Ross, kwa sababu yana jambo ambalo habari nyingi zililipita. Theluji iliyochotwa karibu na vituo vya watafiti ilikuwa na chembe karibu mara tatu ya ile ya mbali na vituo. Hata katika bara lisilo na wenyeji, chanzo cha karibu kilichangia kuliko upepo wa mbali. Tunaweza kuulaumu ulimwengu wote, lakini sehemu kubwa ya tunachokikuta mlangoni ni kile kilichotoka humohumo ndani.

Ziwa letu

Karibu zaidi na nyumbani, jambo hili lilithibitishwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka wa 2016, Fares Biginagwa na wenzake walichapisha ushahidi wa kwanza wa chembe hizi katika maziwa makuu ya Afrika. Walinunua sangara na sato, ambao sisi huwaita mbuta na ngege, katika soko la Mwanza, Tanzania, wakawapasua matumbo na kuchunguza kilichomo. Plastiki ilithibitishwa ndani ya samaki mmoja kati ya kila watano, kwa aina zote mbili. Upande wa Uganda, Robert Egessa na wenzake walikokota wavu juu ya maji ya Ziwa Victoria na kuchapisha mwaka wa 2020 kwamba chembe zilikuwepo kote walikopima, zikiwa nyingi karibu na fuo zenye shughuli za watu. Nchini mwetu, chembe zimeshapatikana katika Ziwa Naivasha, na pia ndani ya viumbe vidogo vinavyoliwa na samaki katika bahari ya pwani ya Kenya, kwa mujibu wa uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2018 na watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI.

Ziwa Victoria lina tabia moja inayoongeza wasiwasi. Maji huliingia kwa mvua na kwa mito, lakini sehemu kubwa hutoka kwa kugeuka mvuke, na kinachobaki hutokea Jinja kuingia Mto Nile. Plastiki haigeuki mvuke. Ikiingia, nyingi hubaki: nyingine huzama topeni, nyingine huliwa, nyingine huendelea kukatika.

Mbuta na ngege hupasuliwa matumbo kabla ya kupikwa, na utumbo hutupwa. Omena huliwa mzima. Jambo hilo peke yake linatosha kuwafanya walaji wa omena wa Nyamira, ambao ni wengi, wataka kujua ziwa linaingiza nini.

Kuhusu afya, tuseme ukweli bila kutia chumvi. Mwaka wa 2022 watafiti wa Chuo Kikuu Huria cha Amsterdam, Uholanzi, walipata plastiki kwenye damu ya watu 17 kati ya 22 waliopimwa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka wa 2019 kuhusu maji ya kunywa, lilisema ushahidi uliopo ni mdogo mno kuhitimisha kwamba chembe hizi zinamdhuru mtu anayezinywa, na kwamba vijidudu vya magonjwa bado ni hatari kubwa zaidi katika maji yasiyotibiwa. Endelea basi kuchemsha maji ya kunywa. Kuchemsha hakuondoi plastiki, lakini kunaua kinachoua watu leo.

Nyamira iko juu

Mto Gucha, ambao kule chini huitwa Kuja, huanzia kwenye nyanda za Kiabonyoru, hukatiza Kisii na kuteremka Migori hadi ziwani. Mto Sondu nao hupokea maji ya upande wetu mwingine, hupita mpakani na majirani zetu, huzungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu, kisha humwaga maji katika Ghuba la Winam, Kaunti ya Kisumu. Hakuna kaunti iliyo juu ya chemchemi za Gucha inayotuteremshia taka zake. Tukiacha ile inayoletwa na upepo, plastiki iliyomo katika vijito vya mwanzo vya mto huo ni yetu.

Hilo ni lawama, lakini pia ni nafasi ambayo Kisumu au Migori hawana. Mtu wa Nyatike akipima maji ya Kuja na kukuta chembe 100, atapata shida kusema zipi zimetoka wapi, maana mto umeshapita masoko mengi. Mtu wa Nyamira akipima kijito juu ya soko na chini ya soko siku moja, kwa chujio lilelile, tofauti ya hesabu hizo mbili ni mchango wa soko hilo. Hakuna ubishi. Ni hesabu ya kutoa, kama ya mtoto wa darasa la pili. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba bonde la Ziwa Victoria likipangiwa vituo vya kudumu vya kupima, vichache vya kwanza viwekwe huku juu, na visirundikwe vyote ufuoni kwa sababu tu ndiko meli na maabara ziliko.

Kipimo kifanyike pia mara mbili: wakati wa kiangazi na wakati wa mvua za masika. Sisi hupata mvua karibu mwaka mzima, na miteremko yetu ni mikali. Mvua moja kubwa ya alasiri husafisha mitaro ya soko kwa nusu saa, na kila kilicholala humo tangu siku ya soko huwa mtoni kabla ya giza. Anayepima siku kavu pekee atatoa picha nzuri isiyo ya kweli.

Sheria inasemaje

Kenya haijakaa kimya. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kutekelezwa tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu zake ni nzito: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4, au vyote pamoja. Kuanzia Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zilikatazwa katika mbuga, misitu, fuo na maeneo mengine yanayohifadhiwa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 iliongeza mambo mawili yanayomgusa kila mkazi. Kwanza, taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, zinazooza mbali na zisizooza. Pili, serikali za kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia taka ili kinachoweza kutumika tena kisiishie jaani. Watengenezaji na waagizaji nao wanatakiwa kubeba sehemu ya gharama ya kukusanya vifungashio vyao.

Kuzoa na kutupa taka ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kwa hiyo suala hili haliwezi kusukumwa Nairobi lote. Nairobi yenyewe ndiko Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikoamua, tarehe 2 Machi 2022, kwamba dunia iandike mkataba wa kumaliza uchafuzi wa plastiki. Mazungumzo ya Busan mwishoni mwa 2024 na ya Geneva Agosti 2025 yalimalizika bila makubaliano, mzozo mkubwa ukiwa kama mkataba upunguze utengenezaji wa plastiki au uishie kwenye taka tu. Mito yetu haiwezi kuwasubiri.

Tahadhari moja kuhusu mifuko. Ile laini inayofanana na kitambaa, iliyojaa madukani baada ya marufuku ya 2017, wengi huidhania ni nguo. Nyingi zimetengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki, na huchanika nyuzi nyuzi haraka kuliko zile za zamani. Kikapu cha ukindu au mfuko wa pamba ndio ulio kinyume cha plastiki.

Kinachoweza kufanyika sasa

Funzo la barafu ya Aktiki ni kwamba chembe ikishakuwa chembe, hakuna mashine ya kuirudisha. Hakuna wavu utakaochuja Ziwa Victoria. Kinachokamatika ni kitu kizima: chupa, gunia, mfuko wa miche. Kinakamatika kikiwa bado mkononi au mtaroni.

Shambani, mifuko ya miche ikusanywe siku ileile ya kupanda, na magunia yaliyoanza kuchakaa yatolewe juani kabla hayajawa unga. Kuyachoma si dawa: moshi wake una sumu, na majivu hubaki na vipande ambavyo mvua itavichukua. Nguo zifuliwe kwenye karai na maji yake yamwagwe kwenye nyasi au migombani, mbali na mto, ambako udongo utazuia nyuzi nyingi. Pikipiki zisioshewe kijitoni. Ukanda wa ukingo wa mto, ambao kanuni za maji zinautaja kuwa kati ya mita 6 na 30, uachwe na nyasi na miti ya kiasili; ukanda huo hunasa taka kama unavyonasa udongo. Chupa za PET zina wanunuzi, na vijana wanaozikusanya sokoni wanafanya kazi ya umma hata kama wanalipwa na mtu binafsi.

Masoko ndiyo yenye uzito zaidi, na hapo mkazi mmoja mmoja hawezi peke yake. Jaa lililo kando ya mtaro au kwenye mteremko wa kuelekea mtoni linamwaga plastiki kila mvua inyeshapo, hata likizolewa kila wiki. Kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Septemba, serikali ya kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata kwa Bunge la Kaunti, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Katika kikao cha wadi yako, ombi la "kuboresha usafi" ni pana mno kuweza kufuatiliwa. Taja soko, taja mtaro, taja kijito unachoingia, na useme unataka jaa lihamishwe umbali gani au chujio la waya liwekwe wapi. Ombi la namna hiyo huandikwa, na mwaka unaofuata unaweza kwenda kuangalia kama waya upo.